Kutoka 20 haikatazi sanaa

Kwa miaka mingi wapo Wakristo walioamini kwamba "Usijifanyie sanamu ya kuchonga" (Kutoka 20:4) inamfungia mchongaji na mchoraji mlango wa kanisa. Tatizo ni kuishia mstari wa 4. Mstari wa 5 unaeleza kinachokatazwa: kuvisujudia vitu hivyo na kuvitumikia.

Kitabu hichohicho, sura ya 25, kinaagiza makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Pindo la joho la Haruni, kuhani mkuu, lilitiwa makomamanga ya nyuzi za samawati, zambarau na nyekundu, na njuga za dhahabu katikati yake. Na aliyejazwa Roho ya Mungu ili achonge mawe na mbao ni Bezaleli (31:3-5), fundi, wala si kuhani. Mistari hii ingestahili kuhubiriwa mara nyingi zaidi.

Hatari ipo, kweli. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa, lakini ni kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba.

Tena ufundi haukuishia katika hema la ibada la wakati wa Musa. Dorkasi, mwanamke Mkristo wa Yafa, alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona (Matendo 9:39).