Kelele kwenye chumba cha kusomea picha: tunayoamini na yaliyo kweli

Hapa Moshi nasoma picha za eksirei na CT skani, dirisha likitazama kijiwe cha bodaboda. Nikilalamikia kelele, maneno ninayoambiwa ni yaleyale.

"Picha husomwa kwa macho, kelele ni ya masikio." Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipachika picha ndogo ya gorila kwenye CT skani ya mapafu. Kati ya madaktari 24 wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha kama mimi, waliokuwa wakitafuta vinundu (vivimbe vidogo vya mapafu), 20 hawakumwona, na wengi wao macho yalipita palepale alipo. Utafiti ule haukuhusu kelele, ila ulionyesha kwamba bila umakini jicho hutazama lisione.

"Kelele mbaya ni ile kubwa." Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mvumo wa feni usiobadilika hausumbui sana. Kinachovuruga ni maneno. Wenzako wakiongea habari za kikoba nyuma yako, hata kwa sauti ya chini, kila neno linaingia kichwani bila hodi. Simu ndiyo mbaya zaidi. Nahesabu mbavu kutoka juu, nafika ya saba, simu inaita: majibu ya mgonjwa mwingine. Nikirudi sijui niliishia ya saba au ya nane. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa radiolojia, ulikuta kwamba simu moja ya ziada katika saa iliyotangulia iliongeza uwezekano wa kukosea kwa asilimia 12.

"Mimi nimeshazoea." Nami nilisema hivyo, hadi siku nilipopitwa na ufa mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, chumba kikiwa kimejaa watu. Mwenzangu aliuona kesho yake alfajiri, kabla watu hawajafika. Yule mtoto alilala usiku mzima bila plasta. Bado inaniuma.

"Ukigonga mlango, majibu yanatoka haraka." Ndugu wa wagonjwa, nawaelewa, mtu umetoka Rombo usiku na mama yako hoi. Lakini kila hodi inaweza kuirudisha picha ya mama mwanzo. Muulizeni karani wa mapokezi, tafadhali.

Na wanaopokea majibu kwa simu: nikisema kinundu ni milimita tano huku nje kuna spika ya matangazo, ni rahisi kuandika tatu. Funga mlango kwanza, kisha nirudishie ulivyosikia: tano, pafu la kulia.