Kompyuta ikisema "imehifadhiwa", faili limefika diskini?

Hapa Tanga, kuanzia stesheneri za Ngamiani hadi maofisini, sisi wa TEHAMA huletewa sana lalamiko hili: mtu kahifadhi barua kwenye flashi, kachomoa, kafika anakokwenda akafungua akakuta faili tupu. Lawama huenda kwa virusi. Mara nyingi virusi hawamo kabisa. Flashi ilichomolewa mapema.

Ukibofya kuhifadhi, maandishi hukaa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta yenye kasi kuliko diski, yakisubiri kuandikwa kwa mkupuo. Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, huigawa RAM katika kurasa, na kwenye kompyuta nyingi kila ukurasa ni baiti 4,096. Ukurasa uliobadilika huwekewa alama kwamba haujafika diskini. Kwa mipangilio ya kawaida, mfumo hupitia kurasa hizo kila sekunde 5 na kuandika zilizosubiri zaidi ya sekunde 30. Umeme ukikatika katikati ya subira hiyo, badiliko lililokuwa kwenye RAM pekee limekwenda.

Vijana mnaojifunza kuandika programu, tulieni kwenye alama hiyo. Ifutwe lini? Wengi watajibu: baada ya kuandika. Haya, tuseme ukurasa una salio la 12,000. Mfumo unaanza kulipeleka diskini. Kabla haujamaliza, muuzaji anaingiza malipo na salio linakuwa 15,000, alama inawekwa. Mfumo unamaliza, unafuta alama. Sasa diski ina 12,000, RAM ina 15,000, na hakuna kinachoonyesha kuna kazi imebaki. Shilingi 3,000 za watu zinasubiri kupotea. Kwa sababu hiyo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, hufuta alama kabla ya kuandika, na kuweka nyingine ya kuonyesha uandishi unaendelea. Badiliko likiingia katikati, alama ya kwanza hurudi na ukurasa huandikwa upya.

Diski nayo huweza kukataa kuandika. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL walilivalia njuga jambo zito: kwenye Linux, uandishi ukishindikana, kurasa zilihesabiwa kuwa zimeshaandikwa. Programu ikirudia amri ya fsync, ile ya kulazimisha data ifike diskini, ilijibiwa kuwa mambo ni shwari, na data haipo. Tangu marekebisho yao, fsync ikishindwa hifadhidata hujizima kwa makusudi, kisha hujijenga upya kutoka kwenye rekodi ya miamala. Naona ni uamuzi sahihi, hasa panapohusika fedha au taarifa za wagonjwa.

Kwa mtumiaji wa kawaida, toa amri ya kuondoa flashi na usubiri ruhusa ndipo uchomoe. Windows 10 tangu toleo la 1809 haikawii kuandika kwenye flashi, ila ukichomoa wakati faili linanakiliwa bado utaliharibu. Kwenye Linux, amri ya sync husukuma yote yanayosubiri. Na kompyuta ya mauzo iwekewe UPS, kifaa cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika.