Je, wajua kwa nini Zanzibar humkumbuka rais kwa bei ya karafuu na bidhaa za soko la Darajani?

Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja. Katika urais wake wa Muungano ndipo vyama vingi viliporudi, mwaka 1992, jambo ambalo mwanahistoria angeliweka mbele ya shehena yoyote ya sabuni. Lakini jina lililomganda hadi kaburini ni Mzee Ruksa, na ruksa waliyoikusudia watu ilikuwa kwanza ya kuingiza bidhaa na kuziuza. Kwa nini biashara, na si uchaguzi?

Sababu kubwa ni kwamba visiwa hivi huuza nje vitu vichache na kununua karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula, unga wa ngano, sukari na nguo huja kwa meli. Serikali ikiamua nani aagize na alipe ushuru gani, uamuzi huo haukawii kufika jikoni. Sera ya elimu huzaa matunda baada ya miaka kumi. Bei ya mchele mama anaiona kesho akienda dukani, hata kama hajasoma gazeti wala kusikiliza hotuba.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliishika biashara ya nje mkononi. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na karafuu ikawa na mnunuzi mmoja tu kisheria. Mkulima alilipwa kiasi kidogo cha bei ya dunia, kilichobaki kikaingia hazina. Ilikuwa kodi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Fedha za karafuu zilisaidia kuendesha skuli na hospitali za bure na kuinua majumba ya Michenzani, mjini Unguja. Wakati huo huo uagizaji wa chakula ulibanwa, foleni zikawa ndefu, na huko Pemba wazee hadi leo wanakitaja kipindi kile kuwa wakati wa njaa. Kwa hiyo sera ni ile ile, kumbukumbu mbili: mtu wa mjini anaonesha nyumba, Mpemba anakumbuka mizani.

Na mizani ile inataka kuelezwa. Familia ya Wete, Pemba, huchuma karafuu mchana, usiku watu wazima na watoto wakakaa chini kuchambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi, na wingu likitanda kila mtu anakimbia kuanua, maana karafuu iliyorowa inashuka daraja. Ikishakauka inapelekwa kituoni. Mnunuzi anatia mkono guniani, anaangalia ukavu na takataka, anataja daraja, anapima. Kazi yote ile inamalizikia kwenye namba moja ambayo mkulima hana kauli nayo. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, pwani ya Kenya, kuna anayelipa zaidi. Magendo yakashamiri kiasi kwamba Zanzibar ina kikosi kizima cha baharini, KMKM, ambacho hadi jina lake linasema kazi yake ni kuyazuia.

Mwaka 1995, vyama vingi viliporuhusiwa kupigiwa kura, chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. Atakayesema ni karafuu peke yake atakuwa anarahisisha, kwani yalikuwepo mengi, na mazito zaidi. Lakini atakayesema karafuu haikuwemo hajakaa na Wapemba.

Turudi kwa Ruksa. Mzee Mwinyi alishika urais wa Zanzibar Januari 1984, wakati mbaya. Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe, na bei ya dunia ikaporomoka. Yeye na Waziri Kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, wakawafungulia wafanyabiashara binafsi mlango wa kuagiza bidhaa. Madukani vitu vikarudi, na watu wa bara wakawa wanavuka kuja kununua. Sifa za mlango ule ziliwafaa wote wawili, kila mmoja kwa wapenzi wake.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Huko bara, ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni za mtu mwenyewe ilitolewa katika bajeti ya 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu. Shukrani zikaenda kwa aliyekuja mwaka uliofuata. Raia haangalii saini ya waraka. Anaangalia nani alikuwa rais siku sabuni ilipoonekana.

Ruksa ilimgharimu pia. Mwaka 1994 wafadhili walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi na ushuru usiokusanywa, na maneno yakawa makali. Miaka ikapita, misamaha ikasahaulika na watu wengi, sabuni haikusahaulika.

Dk. Ali Mohamed Shein, alipokuwa rais wa Zanzibar, alijaribu njia nyingine. Kuanzia 2011 serikali yake iliamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kilo ya daraja la kwanza ikafika kununuliwa shilingi 14,000. Mvuto wa magendo ukapungua, wakulima wakapeleka karafuu vituoni wenyewe. Ni sera nzuri kuliko nyingi zilizotangulia, kwa maoni yangu. Lakini katika uchaguzi wa 2015 Pemba ilibaki ngome ya CUF. Bei nzuri ya misimu minne haifuti hesabu ya miaka arobaini.

Sasa zamu ni ya mwani. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, mtoto wa Mzee Ruksa, ameutia ndani ya uchumi wake wa buluu, yaani uchumi wa bahari, na serikali imejenga kiwanda Chamanangwe, Pemba. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, wanunuzi ni wachache, na zao huondoka likiwa kavu tu, bei ikiwa imepangwa mbali. Wanawake hao nao wanaijua mizani.