Mboga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: fupisha nyuzi kabla hujameza

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito bado anahitaji mboga. Kinachomletea shida hasa ni urefu wa nyuzi za mboga hizo. Tumbo likikatwa libaki kama mrija, takriban robo tatu au zaidi huondolewa. Likigawanywa, na sehemu ndogo ya juu ikaunganishwa moja kwa moja na utumbo, hubaki kifuko cha mililita 30 hivi chenye mlango mwembamba wa kutokea. Kifuko hicho hakisagi chakula kama tumbo zima, na asidi yake ni kidogo. Shina la sukuma wiki lisilotafunika vizuri laweza kukwama mlangoni, au nyuzi zikajisokota taratibu hadi zikawa donge linaloziba utumbo.

Basi kazi ya tumbo ifanywe na kisu, kinu na meno. Ondoa shina na mshipa mkubwa wa kati wa jani. Kunja majani pamoja, ukate membamba sana kwa kukingamana na mishipa. Ukikata kufuata mshipa, uzi unabaki mrefu vilevile. Pika mpaka jani lipondeke kwa mgongo wa kijiko. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu kinafaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kinu kimeshamaliza kazi ngumu. Matembele yamenywe mashina au yaachwe majani tu. Bamia ziwe changa. Chungwa liondolewe utando mweupe, na embe lenye nyuzi likamuliwe, makapi yatupwe.

Kwa kawaida wiki mbili za kwanza ni vinywaji, ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini. Mboga mbichi, kachumbari ikiwemo, husubiri miezi miwili au zaidi. Ratiba ya hospitali yako ndiyo ya kufuata, hata kama ni tofauti na hii.

Anza na mboga ya aina moja, kijiko kimoja au viwili vya chakula, baada ya kula samaki, yai au kuku: protini itangulie, maana nafasi ni ndogo. Tumia kijiko cha chai, tafuna kila tonge mara 20 hadi 30, na usiongeze aina nyingine kabla ya siku mbili. Ukihisi kubanwa kifuani, acha hapo hapo. Usisukume kwa maji. Kifuko kilichojaa kitatapika. Maji yanywewe kidogo kidogo nusu saa baada ya mlo, kwa jumla lita 1.5 au zaidi kwa siku, kwani nyuzi zisizo na maji hufunga choo.

Unga wa nyuzinyuzi wa dukani usitumie bila kumuuliza daktari. Wala mboga haichukui nafasi ya vidonge vya vitamini na madini ulivyoandikiwa.

Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, tumbo kujaa bila kupata choo wala kutoa hewa, au kushindwa kumeza hata mate ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie aina ya upasuaji uliofanyiwa.