Kache ya kivinjari: ukurasa wa jana unatoka wapi?

Umerekebisha servleti (programu ya Java inayojibu maombi ya wavuti), umekompaili, umewasha upya Tomcat, seva inayoiendesha, na bado unaona ukurasa wa jana. Wengi hapo hurudi kwenye msimbo wa Java na kuanza kuuchokonoa. Kwanza jiulize: ombi lenyewe lilifika kwenye seva?

Kache ni akiba ya majibu. Kivinjari kikipokea jibu la seva hulihifadhi kwenye diski au kwenye kumbukumbu, ili likihitajika tena kilichukue humo humo. Seva ndiyo inayosema jibu likae muda gani, kupitia heda (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) ya Cache-Control. Ukiandika max-age=3600, umekiruhusu kivinjari kulitumia jibu hilo kwa saa 1 bila kubisha hodi. Katika saa hiyo logi yako inaweza kubaki tupu, na debaga (zana ya kusaka makosa) isisimame kwenye mstari ulioutia alama ndani ya doGet, sehemu ya servleti inayojibu ombi. Hakuna kilichoharibika, ombi halikuja.

Usipoandika heda yoyote ya muda, kivinjari hukadiria chenyewe. Kawaida huchukua asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili ilipobadilishwa, kwa kusoma Last-Modified. Faili ya CSS iliyokaa siku 100 bila kuguswa inaweza kuhesabiwa kuwa bado inafaa kwa siku 10 nyingine. Ndiyo maana kukaa kimya si salama.

Muda ukiisha, kivinjari huuliza. Hutuma ile ETag, yaani alama ya toleo, iliyokuja na jibu la kwanza, na kama kitu hakijabadilika seva hujibu 304, bila mwili wowote. Kwa hiyo ukiona 304, ombi lilifika, na ni seva iliyosema hakuna jipya. Ukiona 200 iliyoandikwa kwamba imetoka kwenye diski, seva haikuulizwa kabisa. Ni hitilafu mbili tofauti, na zinatafutwa mahali tofauti.

Jina la no-cache limewapotosha wengi. Halikatazi kuhifadhi, linasema hifadhi, lakini uliza kila mara kabla ya kutumia. Kinachokataza kuhifadhi ni no-store, na ukurasa wenye taarifa za siri za mtumiaji unastahili hicho.

Upande wa Java kuna mtego ulionila mchana mzima. Filta yangu, msimbo unaopitiwa na kila ombi, ilikuwa inaita kwanza chain.doFilter, inayopeleka ombi kwa servleti, kisha setHeader, inayoweka heda. Kurasa fupi zilipata heda, ndefu hazikupata, na hakuna kosa lolote lililoandikwa popote. Sababu ni bafa, mahali jibu linapokusanywa kabla ya kutumwa: kwa kawaida ya Tomcat ni baiti 8192. Maandishi yakizidi hapo, jibu huanza kuondoka na heda zake zikitangulia, na setHeader inayokuja baadaye hupuuzwa kimya kimya. Weka heda kabla ya doFilter. Ukiwa na shaka, chapisha response.isCommitted() kwenye logi. Ikiwa true, umechelewa.

Kupima, tumia curl -i (amri ya kuleta ukurasa pamoja na heda zake bila kivinjari) na anwani ile ile, kwa sababu curl haina kache ya majibu. Ikileta jipya huku kivinjari kikileta la zamani, kache ya kivinjari ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikileta la zamani pia, kagua WAR (kifurushi cha programu yako) uliyopakia, au proksi, seva ya kupitishia maombi, iliyo katikati. Tena, angalia kile kisanduku cha kuzima kache kwenye zana za kivinjari: hufanya kazi zana zikiwa wazi tu. Ukichunguza kikiwa na tiki, tatizo linatoweka mbele yako wewe peke yako, watumiaji wanabaki nalo.

Na jibu lililokwisha kutoka na max-age ya mwaka mzima huwezi kulifuata kwenye mashine za watu. Badili anwani, ili kivinjari kiione faili kuwa mpya: app.js iwe app.7c1e.js, na ukurasa wa HTML unaoitaja uupe no-cache.