Kiharusi na mifupa ya upande uliopooza
Wengi huamini kwamba kiharusi hugusa ubongo na misuli tu, na kwamba mifupa ikidhoofika baadaye, huo ni uzee. Umri kweli huchangia. Lakini uzee hauchagui upande mmoja wa mwili.

Mfupa hujengwa upya maisha yote, na huhitaji kubeba uzito na kuvutwa na misuli. Mkono ukilala mapajani kutwa nzima, seli zinazobomoa mfupa huzizidi zinazojenga. Upungufu huanza miezi ya mwanzo, na mara nyingi mkono uliopooza hupoteza zaidi ya mguu, maana mguu angalau hukanyaga. Kukosa jua na vitamini D huongeza tatizo. Na mgonjwa akianguka, mara nyingi huangukia upande uleule dhaifu. Hapo ndipo nyonga huvunjika.

Ukitaka kuhakikisha, mwulize daktari kuhusu DXA, eksirei ya kupima wingi wa madini mifupani. Ombeni nyonga zote mbili zipimwe. Ikipimwa moja tu, isiwe ile ya upande usiopooza. Kwa wazee, alama T (inayolinganisha mifupa ya mtu na ya kijana mwenye afya) ya -2.5 au chini ya hapo huitwa osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi.