Usubi na Mito Isiyojua Mipaka

Mwaka 1974 nchi saba za Afrika Magharibi, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, zilianza kupambana kwa pamoja na usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha macho, katika bonde la mto Volta, ambako hofu ya upofu ilikuwa imewahamisha watu kutoka mabonde yenye rutuba. Kila wiki helikopta zilinyunyiza dawa kwenye maji yaendayo kasi, kwani hapo ndipo huzaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza vimelea vya ugonjwa huo.

Haikuchukua muda ikabainika kwamba upepo huwapeleka inzi hao mamia ya kilomita, hata mito iliyokwisha kusafishwa ikavamiwa upya kutoka nchi zisizokuwa kwenye mpango. Ndipo mpango ulipopanuliwa hadi nchi 11. Hata hivyo, naamini kwamba mtihani mkubwa zaidi wa ushirikiano huo ulikuwa subira: mnyoo aliyekomaa wa ugonjwa huu huishi mwilini mwa binadamu kati ya miaka 10 na 15, na kwa hiyo mfadhili aliyetaka matokeo ya haraka angeondoka wakati vimelea bado vimo ndani ya watu, tayari kuenea tena mara inzi watakaporudi. Wafadhili hawakuondoka, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 2002.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya ivamektini kwa muda wote itakapohitajika. Dawa hii huua vimelea vichanga, lakini haimwui mnyoo aliyekomaa, na ndiyo maana mtu hutakiwa kuimeza kila mwaka kwa miaka mingi. Mpango wa pili, ulioanza mwaka 1995 na kuzijumuisha Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo, uliwaachia wanakijiji wenyewe kuwachagua wagawa dawa, ambao hukadiria dozi kwa fimbo ya kupimia urefu, bila kuhitaji mizani. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, kwa sababu dawa ilifika hata pale ambapo zahanati iko mbali. Katika baadhi ya maeneo ya Kongo kazi imekuwa ngumu zaidi, kwani mtu mwenye vimelea vingi vya loa, aina nyingine ya minyoo, akimeza ivamektini anaweza kupata madhara makubwa.

Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Niger kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutokomeza maambukizi ya usubi. Kwetu Tanzania, ugonjwa bado upo katika maeneo kama Mahenge, mkoani Morogoro. Wakazi wa maeneo hayo wanahimizwa kumeza kingatiba kila inapogawiwa, hata wasipojisikia kuumwa, isipokuwa wajawazito, wanaonyonyesha katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, wagonjwa mahututi, na watoto walio chini ya miaka mitano au wenye urefu usiofikia sentimita 90.